Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Huku kwetu Ruvuma hatuna bahari. Tuna Ziwa Nyasa, na mwezi wa Julai upepo wa kusini ukiamka, halina tofauti na bahari. Nilitoka Songea na masweta mawili, nikapita Mbinga, nikateremka hadi Mbamba Bay kwa swahiba wangu mvuvi.

Alfajiri aliyatazama maji, akasema, "Leo ziwa halieleweki, kaka." Nikatania, "Sasa mimi nimekuja kuangalia mtumbwi?" Akacheka. Tukaingia.

Jua halijapanda vizuri, mawimbi yakaanza kutumwagikia ndani. Mimi nakumba maji kwa dumu lililokatwa, yeye anavuta wavu. Ukagoma. Akatoa kisu, akaukata, tukapiga kasia kurudi bila hata usipa mmoja. Wavu ule ndio uliokuwa ukilipa ada za wanawe.

Ufukweni nikamuuliza kwa nini hakukataa. "Wewe mgeni wangu. Ningekataaje?"

Siku zote nimeamini kwamba mtu mzima akikubali mwenyewe, aliyemwomba hana lawama. Siku hizi nina shaka. Kuna "ndiyo" inayotoka kwenye hiari, na kuna inayotoka kwenye heshima. Ukimwomba mtu asiyeweza kukukatalia, hujaomba, umeshamwamulia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji nusura azame.

Nilimtumia hela ya wavu. Akajibu: "Asante, kaka. Karibu tena."

Nayo hiyo, ni "ndiyo" ya aina gani?