Kumeza dawa ya maumivu si kukosa subira

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu Muislamu, yapo maradhi ambayo huja, yakatibiwa, yakaondoka. Na yapo maumivu yasiyoondoka: ya mgongo, magoti, selimundu, saratani. Mwenye nayo hulala nayo na kuamka nayo, na mwisho hunyamaza kwa kuona watu wamechoka kumsikiliza. Tena huongezewa mtihani wa pili, nao ni dawa. Akiimeza anaogopa kuwa teja. Asipoimeza hawezi hata kurukuu.

Wapo wanaomwambia asubiri tu, kwani maumivu ni kafara ya madhambi. Ni kweli. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba hata mwiba ukimchoma Muislamu, Allah humfutia makosa kwa sababu yake. Lakini nani amesema kafara hiyo hubatilika kwa kidonge? Mabedui walimuuliza Mtume (SAW) iwapo wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu (Abu Daud na Tirmidhi). Nabii Ayyub (AS), ambaye ni mfano wetu wa subira, alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata (21:83). Allah angeweza kumponya bila ya sababu yoyote, lakini alimuamrisha apige ardhi kwa mguu, yakatoka maji ya kuogea na kunywa (38:42). Basi kutafuta tiba hakukumtoa katika wenye kusubiri.

Ama hofu ya kuzoea dawa, si ya kupuuzwa. Heroini imewaangamiza vijana wetu wengi, na asili yake ni morfini itokayo katika afyuni. Hata hivyo tutofautishe. Mwili kuzoea dawa, ukasumbuka inapokatwa ghafla, peke yake si uteja. Teja ni yule aliyetawaliwa na dawa, anaifuata hata pale anapoona inamwangamiza. Mgonjwa wa saratani anayekunywa morfini ya maji kwa kipimo na kwa saa alizopangiwa na daktari, anainywa ili apate kulala, kula na kuswali. Mtoto anayemfichia mama yake chupa hiyo "asije akawa teja", akamwacha anagugumia hadi alfajiri, anamdhulumu, ijapokuwa nia yake ni njema.

Upande wa pili wako wanaojitibu wenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kwa urahisi dukani, lakini kuzimeza kila siku kwa miezi bila ya kumuona daktari huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Hata parasetamoli, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, kwani kuzidisha huweza kuua ini. Mwili ni amana, na Allah ametukataza kujitia katika maangamizi (2:195).

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeumwa, jiulize swali moja: dawa hii inanirejesha kwenye swala, kazi na watu wangu, au inanitoa huko? Ukiona inakutoa, au umeanza kuongeza vidonge kwa siri, usione haya. Mwendee daktari umweleze ukweli wote. Usiikate ghafla kwa hamasa ya mawaidha. Ipunguzwe kwa mpango wake.

Nasi tulio wazima tusiwe mahakimu. Imran bin Huswain (RA) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (SAW) namna ya kuswali. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu (Bukhari). Hakulaumiwa kwa udhaifu wake. Basi kwa nini sisi tumkodolee macho anayeswalia kitini?

Allah awaponye wagonjwa wetu, na awape wanaowauguza moyo wa huruma. Amin.

Wabillahi Tawfiq.