MWILI NI AMANA
Katika Khabari ya Mpiganaji wa Malipo Anayejitayarisha kwa Pambano

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), haya ni maneno machache juu ya mas'ala ambayo vijana huyauliza sana, wala aghalabu hawajibiwi ila kwa ukali usiofahamisha kitu, au kwa kicheko. Mas'ala yenyewe ni haya: Kijana Mwislamu amefunga mkataba wa kupigana kwa malipo, mapigano yale yanayochanganya ngumi na mateke na mieleka na kukabana, na siku yake imekaribia. Je, matayarisho anayoyafanya ni kazi ya halali kama kazi nyingine, au anauza kitu kisicho chake?

Na uchukuliwe mfano wa kijana wa Sumbawanga, kwani kwake mambo haya hudhihirika pande zote mbili, uzuri wake na hatari yake. Mji ule uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iko karibu. Asubuhi za Juni na Julai baridi yake ni kali na upepo haupumziki. Mwenye kukimbia huko kila siku, pumzi yake huzoea hewa nyembamba na damu yake huzidi uwezo wa kuichukua hewa hiyo. Wapiganaji wa nchi za tambarare hulipa mali nyingi ili wakakae milimani majuma kadha wa kadha wapate jambo hilo, naye Mfipa amezaliwa nalo bure. Chakula chake ni ugali wa mahindi au wa ulezi, na maharage, na samaki wa Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Na mgongo wake umekomazwa na jembe, kwa sababu kilimo cha asili cha Wafipa ni kufukia majani ndani ya matuta makubwa ya duara, nayo ni kazi isiyomfaa mvivu. Lakini mapambano yenye malipo ya maana hayako mlangoni kwake. Huyafuata Mbeya, au Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na mtaji anaopanda nao basi ni mwili wake peke yake.

Basi sehemu kubwa ya matayarisho haya hapana anayeweza kuilaumu kwa haki. Kijana anayeamka kabla ya Alfajiri, akaacha pombe na sigara, akala kwa kipimo na akalala mapema, huyo amepata kwa sababu ya pambano mambo ambayo wazazi wake wangeomba ayapate kwa sababu ya dini. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ijapokuwa kila mmoja wao ana kheri. Wapokezi wa sira wamesimulia kwamba siku ya Uhud vijana wawili, Rafi bin Khadij na Samura bin Jundub, walirudishwa kwa udogo wao. Rafi akaruhusiwa kwa kuwa ni hodari wa mishale. Ndipo Samura akasema kwamba yeye humwangusha Rafi katika mieleka, wakashikana mbele ya Mtume, Samura akamwangusha mwenziwe, naye akaruhusiwa. Na khabari ya Rukana, aliyekuwa bingwa wa mieleka wa Makka, akaangushwa na Mtume mwenyewe, ni mashuhuri, ijapokuwa Tirmidhi aliona udhaifu katika sanadi yake. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba Uislamu hautaki kuona vijana wakishindana kwa miili, huyo hakusoma.

Shida yaanza juma la mwisho. Wapiganaji hupangwa kwa uzito, nao hupimwa aghalabu siku moja kabla ya pambano. Basi imekuwa desturi kwamba mtu wa kilo 70 hutaka kupigana na watu wa kilo 61, ili siku ya pili akisharudisha uzito wake awe mkubwa kuliko mpinzani. Na kilo zile haziondoki kwa mafuta, kwani mafuta hayaondoki kwa siku tano. Huondolewa kwa maji. Kijana huacha kunywa, huvaa nguo za mpira akakimbia, huketi penye mvuke, hutema mate ndani ya chupa, mpaka midomo ikapasuka na mkojo ukawa mweusi. Damu huwa nzito, moyo ukaelemewa, na figo zikakosa maji ya kufanyia kazi. Hii si hofu ya waoga. Mwezi wa Disemba 2015, Mchina mmoja, Yang Jian Bing, mwenye umri wa miaka 21, alifariki Manila katika Ufilipino alipokuwa akijipunguza uzito kwa pambano ambalo hakulifikia. Na Khabib Nurmagomedov, Mwislamu wa Dagestan ambaye picha yake vijana wengi wa Afrika Mashariki wameiweka katika simu zao, alikuwa apigane Las Vegas tarehe 4 Machi 2017. Siku moja kabla yake akapelekwa hospitali kwa ajili ya kupunguza uzito, na pambano likavunjika.

Kijana atajibu kwamba hata Ramadhani Mwislamu huacha maji, na hapana anayesema kwamba anajiua. Jawabu hili ni zuri kwa masikio, lakini mwenye kulitazama ataona kwamba linamhukumu aliyelisema. Saumu ya Mwislamu ina mipaka. Amehimizwa kula daku, amehimizwa kufuturu upesi jua likitua, amekatazwa kuunganisha siku kwa siku bila ya kufuturu, na mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa. Mtume (S.A.W.) alimwona mtu amesimama juani, akaambiwa kwamba ni Abu Israil, ameweka nadhiri ya kufunga na kusimama, asiketi, asiingie kivulini wala asiseme. Akaamuru aambiwe aseme, na aketi, na aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Na mara nyingine alimwona mzee anaburutwa baina ya wanawe wawili kwa sababu ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na kujiadhibu kwa mtu yule, akamwamuru apande mnyama. Ikiwa kiu isiyo na mpaka haikukubaliwa kwa ajili ya Mola, kiu ya kuridhisha mizani itakubaliwa kwa hoja gani? Mwenye mwili angekuwa ndiye mwenye milki yake, asingezuiwa na mtu. Lakini Mtume alimwambia Abdullah bin Amr kwamba mwili wake una haki juu yake, na mwenye kudaiwa haki na kitu hawezi kuwa bwana wake wa kukifanya apendavyo.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni lile linalozoezwa. Katika kukabana, mtu hushinda mwenziwe anapogonga mkono kukubali kwamba ameshindwa. Akigonga, huachwa, akainuka na viungo vyake. Sehemu hii iko karibu na waliyoyafanya Samura na Rafi. Lakini katika ngumi na mateke ya kichwa, ushindi ulio bora na unaolipiwa zaidi ni kumzimisha mtu, yaani kuutikisa ubongo wake ndani ya fuvu mpaka akili imtoke. Kijana mwenye kujitayarisha hupiga gunia mara elfu na huku moyoni amesimamisha uso wa mtu. Na uso, katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim, umekatazwa kupigwa hatta katika mapigano. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka katika kikao chake cha 10 mwaka 1408 wa Hijra, nao ni mwaka 1987, liliharimisha ngumi za ulingoni kwa sababu hii hii ya kuhalalisha madhara, likaiunga nayo mieleka ambayo kila mmoja amehalalishiwa kumdhuru mwenziwe, na likairuhusu mieleka ya mazoezi isiyokuwa na madhara.

Wapo wanaopinga, na hoja yao yastahili kusikilizwa, kwa kuwa inatoka kwa watu maskini. Wasema: Mkulima huvunja mgongo wake, mchimbaji wa dhahabu hufukiwa na udongo, dereva wa lori hulala usukani akafa, na hapana anayewaambia kwamba wameuza amana. Kwa nini mpiganaji peke yake asimamishwe? Jawabu ni kwamba ajali ya mchimbaji ni khasara ya kazi yake. Siku shimo lisipoanguka, kazi imekwenda vizuri na dhahabu imepatikana. Ama mpiganaji, madhara ndiyo bidhaa. Siku asipoumia mtu, watazamaji huzomea na kudai fedha zao.

Watasema tena kwamba wote wawili wameridhia, na wametia sahihi. Lakini fuqaha wamekwisha kulisema hili zamani, kabla ya kujengwa kizimba cho chote: mtu akimwambia mwenziwe, «Nikate mkono wangu,» haimhalalikii kuukata. Huenda dai la malipo likaanguka kwa ruhusa ile. Dhambi haianguki, kwani mwenye haki nyingine hakuulizwa.

Na madhara haya hayasubiri wanyonge tu. Muhammad Ali, aliyetangaza Uislamu wake mwaka 1964 na kuwapa Waislamu wa dunia furaha kubwa, alifika Dar es Salaam mwezi wa Februari 1980. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo, mwenye miaka 38, alisimama Las Vegas mbele ya Larry Holmes akapigwa raundi 10 mpaka mkufunzi wake akalivunja pambano. Mwaka 1984 ikajulikana kwamba ana maradhi ya Parkinson, akaishi nayo mpaka alipofariki mwaka 2016. Matabibu wamekhitilafiana kama ngumi ndizo zilizoleta maradhi yale, wala si uadilifu kuwakatia shauri. Lakini waliomtazama akitetemeka hawakuhitaji shahada ya utabibu ili wasitamani hali ile kwa watoto wao.

Kuna na ghadhabu, ambayo wafanya biashara ya mapambano huipika kwa makusudi, kwa kuwa matusi huuza tiketi. Khabib, ambaye kwa haya na sala zake ni mfano mwema kuliko wengi, alitukanwa kwa dini yake na baba yake na nchi yake. Tarehe 6 Oktoba 2018 akamkaba Conor McGregor mpaka akagonga mkono; naye akiwa ameshashinda, akaruka ukuta wa kizimba kuwashambulia watu wa mwenziwe. Alizuiwa miezi 9 na akatozwa dola 500,000. Mtume (S.A.W.) amekwisha waambia watu kwamba hodari si mwenye kuwaangusha wenziwe kwa mieleka, bali ni mwenye kuimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Khabib mwenyewe aliomba radhi usiku ule ule.

Ama dawa za waganga, hirizi za kutia katika kitambaa cha mkononi na unga wa kupaka, hilo halihitaji maneno mengi. Ni ushirikina au ni wizi, na mara nyingi ni yote mawili. Mji wa Sumbawanga umesingiziwa sana katika jambo hili na watu wa mbali, hali jina lake lenyewe lafasiriwa kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Na kamari inayowekwa juu ya mapambano uharamu wake ni dhahiri.

Imebaki hali ya kijana mwenyewe, ambaye mkataba ameutia sahihi na arubuni ameipokea, na pengine imekwisha kwa mbolea au kwa matibabu ya mama yake. Akiweza kupata kwa mwenye pambano mashindano ya mieleka na kukabana peke yake, kwa uzito wake wa kila siku, basi amepata njia, wala si njia ya ndoto: baada ya kifo cha Yang, kampuni ile iliyokuwa imemwalika ilikataza kupunguza uzito kwa kukausha maji, ikawapima wapiganaji wake maji ya mwilini, na mapambano yake yakaendelea. Asipopata, sharti linalohalalisha haramu halimfungi Mwislamu. Lakini arubuni yenyewe si yake kuila. Ni deni shingoni mwake.

Na deni hili lawahusu watu wa msikiti wake pia, khasa wale wanaomnyoshea kidole siku ya Ijumaa. Katika mafungu 8 ya Zaka liko fungu la wenye madeni. Maulamaa wamesema kwamba aliyekopa kwa jambo la maasia hapewi mpaka atubie. Na kijana anayekwenda na kurudi akitafuta fedha za kurudisha arubuni ili asipande kizimbani, ni vigumu kujua toba yake ingesubiriwa kwa dalili gani nyingine. Mavuno ya mahindi ya Ufipa huingia ghalani kuanzia Juni, nayo yakifikia nisabu yana Zaka yake siku ya kuvunwa.