Dhamana ya Ndugu Aliye Mbali

Wako watu wetu waliokwenda kukaa Marekani, na jamaa zao huku huwaandikia, "Utuite na sisi." Achelewaye kuitika huhukumiwa kuwa mchoyo. Basi na tuulize kwanza: huyo aombwa nini hasa?

Tangu mwisho wa mwaka 1997 sheria ya nchi ile yamtaka amwitaye mkewe, mzazi wake au ndugu yake atie sahihi hati ya dhamana. Kwa kawaida lazima aonyeshe kuwa mapato yake hayapungui 125 kwa mia ya kiasi kilichowekwa na serikali kuwa mpaka wa umaskini, mgeni akihesabiwa pamoja na watu wa nyumba yake. Tena ajifunga kumtunza mpaka awe raia, au zitimie robo 40 za mwaka za kazi, yaani kama miaka 10, au aihame nchi, au afe. Talaka haivunji ahadi hiyo. Na mgeni asiyetunzwa aweza kumshtaki mdhamini wake.

Wengine hunena, "Ahadi ilitolewa kwa upendo, upendo ukifa, ahadi nayo ife." Naona sivyo. Siku ya upendo hakuna ahitajiye dhamana, kwa maana upendo wenyewe hutunza. Dhamana huwekwa kwa ajili ya siku mbaya. Yule mgeni aliliacha shamba lake la mahindi na mbaazi, akavuka bahari, akilitumaini neno lile. Yuda naye alijitoa kuwa dhamana ya Benyamini; na kikombe kilipoonekana katika gunia la kijana, hakutafuta njia ya kujiepusha, bali aliomba awe mtumwa mahali pake.

Basi, ikiwa mzigo ni mzito hivi, aisomaye hati polepole si mchoyo. Hapa Bonga mwenye akili hamdhamini mkopaji kabla ya kushauriana na watu wa nyumbani mwake. Afadhali akataaye leo kwa kweli kuliko akubaliye kwa haya, akamwacha nduguye ugenini.

Nawe uitwaye, ujue kwamba hati ile yakuhusu pia. Ahadi ni deni, na deni hili nduguyo amelichukua kwa ajili yako. Kila robo ya mwaka ufanyayo kazi yampunguzia kifungo chake. Ukikaa bure, wamwongezea.