Je, Kifafa Hufuata Ukoo?

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," husema wazee wetu. Neno hili hutajwa sana wakati wa posa. Ikisikiwa ya kuwa nyumbani kwa binti yumo mwenye kifafa, mara posa huvunjwa, wala hakuna aulizaye zaidi. Je, ni haki? Yatupasa kulipima vema jambo hili.

Kwanza tukubali lililo kweli. Kifafa chaweza kufuata damu. Kama vile mtoto apatavyo kimo na sura kwa wazazi wake, ndivyo awezavyo kurithi ubongo ulio mwepesi kushikwa na ugonjwa huu. Lakini urithi huo si kama shamba, ambalo baba akifa mwana hulipata bila shaka. Katika watoto 100 ambao mzazi wao mmoja ana kifafa, yapata 95 hawakipati kabisa. Tena wagonjwa wengi hawana ndugu hata mmoja aliye nacho: huyu aliumia siku ya kuzaliwa, huyu alishikwa na malaria ya ubongo utotoni, huyu alipigwa kichwani, huyu aliingiwa na mayai ya tegu wa nguruwe.

Tutazame Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, ambako kifafa ni kingi kupita mahali pengi. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu watu wa huko mwaka 1960. Aliwakuta waliofichwa majumbani, na walioungua kwa kuanguka motoni, maana watu waliogopa kuwashika, wakidhani mate yao huambukiza. Aliona pia ya kuwa ugonjwa umeandama jamaa fulani. Nani asingesema, "Ni damu yao"? Lakini wachunguzi waliokuja baadaye wameona ya kuwa kifafa huzidi katika vijiji vyenye ugonjwa wa usubi, upofushao macho, ambao huletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Basi ndugu wa nyumba moja wana damu moja, na mto wao pia ni mmoja.

Kwa hiyo habari za ukoo ni jambo la kuuliza, wala si hukumu. Daktari akiuliza kama yuko ndugu mwenye kifafa, tumjibu kweli bila haya. Mchumba naye ana haki ya kuambiwa. Kumficha ni kumwibia. Lakini aambiwaye asikimbie kabla hajajua chanzo chake.

Na hapa ndipo lilipo kosa letu sisi sote. Tukivunja posa kwa neno moja tu, twawafundisha wazazi kumficha mtoto wao ili kuwaokoa dada zake. Naye mtoto aliyefichwa hapati dawa, ingawa katika wagonjwa 10 yapata 7 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepewa dawa ifaayo na kuimeza kila siku.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili, kisha akamponya. Basi hata pale ambapo kifafa kimetoka katika damu, hapana mwenye hatia. Ndugu, mwenye kumficha mgonjwa nyumbani na amtoe, ampeleke hospitali. Nasi jirani tumpokee.