Hukumu ya Saa na Hukumu ya Watu

Insafu ina sura mbili, nami sijui mtu aliyezikabili zote waziwazi kama Josefa Idem, bibi aliyezaliwa Goch, Ujerumani, mwaka 1964, akaolewa Italia, akawa raia wa nchi hiyo, na kuipigia kafi katika kayaki ya mtu mmoja hata akaipatia nishani ya dhahabu huko Sydney mwaka 2000. Miaka minane baadaye, huko Beijing, baada ya mita 500 za maji, aliikosa dhahabu kwa sehemu 4 za elfu za sekunde, muda ambao jicho la mwanadamu haliwezi kuushuhudia. Walakini saa ilishuhudia, ikahukumu, na daftari likafungwa pasi na kuulizwa nasaba ya mtu, wala nia yake, wala mwenendo wake wa jana.

Mwaka 2013, akiwa amekwisha kushindana katika Olimpiki nane, ya mwisho ana umri wa miaka 47, alichaguliwa seneta, na mwezi wa Aprili akawa waziri wa usawa, michezo na vijana. Haikutimia miezi miwili yakazuka maneno juu ya kodi ya nyumba yake huko Ravenna.

Huenda msomaji akasema kwamba aliyeitukuza nchi yake kiasi hicho alistahili kusamehewa. Nami, kwa hishima niliyo nayo kwake, nakataa. Kwani nishani ni ushahidi wa kifua na mikono, haiwezi kuwekwa rehani kwa dhamana ya umma. Mvuta makasia huipa mgongo safari yake, bali mpiga kafi huelekeza uso aendako, na maji aliyokwisha kuyapita hayamhusu tena. Amma mtawala, hata akiwa na macho makali namna gani ya kutazama mbele, hana budi kuulizwa habari za maji ya nyuma, aliyoyapita kabla hajafikiri kuomba kura, kwa kuwa yeye ndiye atakayewadai wengine kodi na utii. Swali hilo si uonevu, ingawa humchoma aliyezoea kuhukumiwa na saa.

Tarehe 24 Juni 2013 aliuacha uwaziri. Kiti cha useneta alikikalia hata mwaka 2018.