Shauri na Kadari

Wako watu wenye dhamana ya kazi, katika afisi na katika biashara, wadhanio kwamba mwenye imani thabiti hana haja ya kuhangaika na mashauri, kwa kuwa lililoandikwa litakuwa. Na dhana hiyo, ijapokuwa husemwa kwa jina la uchaji, mimi naihesabu kuwa ni uvivu wa akili.

Khalifa Sayyidna Umar bin Khattab alipokuwa safarini kwenda Sham, alilakiwa mahali paitwapo Sargh na maamiri wa jeshi lake, Abu Ubaida bin Jarrah akiwa miongoni mwao, wakamhabarisha kwamba tauni imezuka katika nchi ile. Hakukata neno papo hapo. Aliwaita kwanza Muhajirina, waliohama Makka pamoja na Mtume, wakahitilafiana. Akawaruhusu, akawaita Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, nao wakahitilafiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao kauli yao ikawa moja, kwamba arejee na watu wake. Kila jamaa waliulizwa peke yao, na hitilafu haikumghadhibisha, bali ilimzidishia kuuliza. Ni wangapi katika wakubwa wa kazi leo ambao huwakusanya watu wote pamoja, wakatanguliza rai yao wenyewe, kisha wakakihesabu kimya cha walio chini yao kuwa ni ridhaa?

Alipotangaza kwamba asubuhi atarejea, Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakiri kuwa anaikimbia, ila anaikimbilia kadari yake Mungu huyo huyo; akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye kingo mbili, moja ya majani na moja kame, ambaye popote alishapo amelisha kwa kadari. Maana akili ya kuchagua nayo imekadiriwa.

Baadaye ndipo alipofika Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwa haja zake, akawaeleza agizo la Mtume kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, wala aliyemo hatoki kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akaondoka. Lakini neno lake lilikuwa la haki tangu alipolikata, kabla ya ilimu hiyo kumfikia. Na Abu Ubaida, aliyebaki na askari wake, alifariki katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, yaani 639, wala hapana mwenye insafu awezaye kusema kwamba mauti yale ni ushahidi wa upungufu wa busara yake.

Basi wewe uliyepewa madaraka juu ya wenzio, karani wako akipatwa na hasara, usianze na hesabu ya kilichopotea. Muulize kwanza alijua nini siku ile, na alitaka shauri kwa nani.