Mbali na Nani?

Tarehe 17 Aprili 1861, katikati ya nyika ya Australia, wanaume watatu waliokongoroka kwa njaa walisimamisha safari ili wamzike mwenzao. Marehemu alikuwa Charles Gray, baharia wa zamani. Waliosalia ni Robert O'Hara Burke, kiongozi wa msafara. William John Wills, mpima ardhi. Na John King, kijana aliyekuwa akiangalia ngamia. Walitoka Melbourne Agosti ya mwaka uliotangulia, umati ukiwashangilia, wakiwa na azma ya kulikata bara lile kutoka kusini hadi kaskazini. Kaskazini walifika. Sasa walikuwa wanarudi, na kaburi la Gray likawala siku nzima, maana mikono ilikuwa imeishiwa nguvu.

Siku nne baadaye, jioni, waliingia kambini Cooper Creek walikowaacha wenzao na akiba ya chakula. Hapakuwa na mtu. Wenzao walikuwa wamengoja miezi minne, wakakata tamaa, wakaondoka asubuhi ya siku hiyohiyo. Walipishana kwa saa tisa hivi. Siku ile moja waliyompa maiti ndiyo iliyowakosesha wenzao, na Julai ilipoingia Burke na Wills nao walikuwa wamekufa au wako ukingoni.

Tukio hili halinitoki kichwani kwa sababu linauliza jambo ambalo mafunzo ya maadili hulipita haraka: maiti anatudai nini, na deni lake lina kikomo? Mtu wa hesabu atasema walifanya upumbavu. Gray hakuongezewa pumzi hata moja kwa kufukiwa, na upepo wa nyika ungemfunika mchanga wenyewe bila kumgharimu mtu. Wapo wanaowatetea kwa kusema walihitaji kupumzika siku ile hata kama pasingekuwa na msiba. Huenda ni kweli. Lakini mtu anayepumzika hachimbi kaburi.

Kinachoshangaza zaidi ni jinsi Gray alivyotendewa alipokuwa hai. Wiki tatu hivi kabla ya kufa alikutwa nyuma ya mti akila uji wa unga alioiba. Akajitetea kwamba tumbo linamwendesha, Burke akampiga. Baadaye aliposema hawezi kutembea, Wills aliandika katika shajara yake kwamba anajifanya. Alipokata roho ndipo alipoaminiwa. Aliyenyimwa konzi ya unga akapewa siku nzima ya uhai wa watu watatu.

Ni rahisi kuuita huo unafiki, na huku kwetu tunaujua vizuri: mgonjwa hana wa kumnunulia dawa, akifa jeneza linatafutwa la bei. Lakini Burke na wenzake hawakuwa na jirani wa kuwasema, wala ukoo wa kuwasuta. Hakuna aliyekuwa anawatazama. Anayezikwa halipi, hashukuru, wala hajui kama amezikwa. Wanaodai kwamba mazishi ni maonyesho ya walio hai kwa walio hai wana kazi ya kuieleza siku ile.

Makaburi ya namna hii yametapakaa nyikani kote Australia: wachunga ng'ombe, wachimba dhahabu, wapeleka barua, wake zao na watoto wao wachanga. Waliuawa na kiu, homa ya matumbo, kiseyeye, mafuriko, farasi aliyeteleza. Ernest Giles, aliyevuka majangwa ambayo wengi hawakuthubutu kuyagusa, alikuja kufa kwa nimonia mwaka 1897 akiwa karani katika mji wa dhahabu wa Coolgardie. Hata jangwa lina utani wake.

Na James Poole je? Mwaka 1844 Charles Sturt alitoka Adelaide kuitafuta bahari aliyoamini imo katikati ya bara, akabeba mashua. Ndiyo, mashua, ikakokotwa juu ya nchi kavu. Badala ya bahari alipata dimbwi mahali panapoitwa leo Depot Glen, na kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Julai 1845 msafara ukanasa hapo, kwani mbele hapakuwa na maji na nyuma yalikuwa yamekauka. Sturt ameeleza joto lililopasua vitana na kuichomoa risasi ndani ya penseli. Poole, msaidizi wake, akashikwa na kiseyeye. Ili watu wasikae bure, Sturt aliwaamuru wajenge rundo la mawe juu ya kilima cha karibu. Wakapandisha mawe, jiwe baada ya jiwe, wasijue wanamjengea nani. Julai mvua ikanyesha, njia ikafunguka, Poole akapakiwa arudishwe kwao, na kabla hajafika mbali akafa. Wakamrudisha kambini, wakamzika chini ya mti, wakachonga kwenye shina herufi mbili za jina lake na mwaka. Lile rundo lililojengwa kwa kupoteza wakati likawa mnara wake.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Kilio kikiwa na watu, uchungu hugawanyika: mmoja anachota maji, mwingine anasimamia sufuria, mwingine anakaa tu na wafiwa asiseme kitu. Ndiyo maana makaburi haya humtia mtu baridi. Marehemu amelala peke yake, mbali. Lakini umbali huo unapimwa kutoka wapi?

Februari 1874, watu wa Kaytetye walikishambulia kituo cha telegrafu cha Barrow Creek, katika njia ya waya iliyokamilika miaka miwili tu kabla. John Franks alikufa palepale. James Stapleton, mkuu wa kituo, alichomwa mkuki akaishi hadi kesho yake. Huko Adelaide, zaidi ya kilomita 1,500 kusini, mkewe aliitwa kwenye ofisi ya telegrafu, na mume akamgongea kwa mkono wake mwenyewe maneno ya kumuaga yeye na watoto. Kisha akafa. Wangapi kati yetu wameagwa hivyo na mtu aliyelala chumba cha pili? Kilomita zilikuwapo, na bado mtu na mkewe walikuwa pamoja kwa dakika zile. Basi umbali wa kaburi si jambo la kilomita pekee.

Ligeuze sasa upande wa pili. Kwa Kaytetye, Barrow Creek hapakuwa mbali na chochote. Palikuwa nyumbani. Waya, kituo na mifugo ndivyo vilivyotoka mbali, na miongoni mwa sababu zinazotajwa za shambulio lile ni maji yao kuzuiwa na wanawake wao kuchezewa. Baada ya mazishi, polisi wakiongozwa na Samuel Gason walizunguka nchi ile kwa wiki kadhaa wakipiga watu risasi, mwenye hatia na asiye nayo. Makaburi ya Stapleton na Franks yapo, yamejengewa, yana majina. Waliopigwa risasi hakuna aliyewahesabu sawasawa. Waliokufa ugenini wana makaburi. Waliouawa kwao hawana.

Kuna jambo linalozidisha ukimya huo. Katika jamii nyingi za wenyeji wa Australia, mtu akifa jina lake halitajwi tena kwa muda mrefu. Hata leo televisheni za huko huonya watazamaji kabla ya kuonyesha picha au kutaja majina ya marehemu wao. Mlowezi alimheshimu maiti wake kwa kuliandika jina. Mwenyeji alimheshimu wake kwa kulinyamazia. Heshima zote mbili ni za kweli, ila moja tu inasomeka kwa mgeni. Anayepita akitafuta herufi ataona kaburi moja la mzungu na kuzunguka kwake ardhi tupu, kumbe anakanyaga makazi ya vizazi visivyohesabika. Kwa kiasi fulani sheria nayo ilisoma hivyohivyo: iliichukua nchi nzima kuwa haikuwa na mwenyewe, mpaka Mahakama Kuu ya Australia ilipoitupa fikra hiyo katika kesi ya Mabo, Juni 1992. Na kwa upande mwingine, Alfred Gibson, aliyepotea mwaka 1874 akiwa juu ya farasi wa mwisho aliyepewa na Giles, hakupatikana hata mfupa. Jangwa zima likaitwa kwa jina lake, Jangwa la Gibson, kana kwamba halikuwahi kuwa na jina.

Turudi Cooper Creek, kwa Burke. Yandruwandha, wenye mto ule, walikuwa wameiona njaa ya wageni hawa na kuwaletea samaki. Burke aliukataa ukarimu wao, hata akafyatua bastola juu ya vichwa vyao. Alikufa kwa njaa mahali ambapo watu walikuwa wanakula. King, aliyebaki peke yake, aliwafuata, wakampa chakula na mahali pa kulala, akaishi nao mpaka alipopatikana Septemba 1861. Yeye ndiye aliyesimulia kwamba alipowapeleka kuuona mwili wa Burke, walilia kwa uchungu, wakaufunika kwa matawi.

Simulizi hiyo fupi inatosha kuvunja picha nzima ya mlowezi aliyekufa bila mtu wa kumlilia. Burke alikuwa na matanga. Waliomlilia walikuwa wenyeji wa mahali alipofia, wale aliowatishia bastola. Serikali ya Victoria haikuona hivyo. Ilimtuma Alfred Howitt, aliyekwisha kuwazika Burke na Wills, arudi kuwafukua. Mifupa ikabebwa hadi Melbourne na kuzikwa kwa heshima za taifa Januari 1863, umati mkubwa ukijipanga barabarani. Gray aliachwa alikolala. Kwa wakubwa wa Melbourne, Burke alikuwa mbali mno asiweze kuachwa, na Gray alikuwa mbali mno asistahili kufuatwa. Umbali ulikuwa uleule.

Msafara ule ulikuwa na mtu mwingine, Dost Mahomet, mmoja wa waangalizi wa ngamia walioajiriwa kutoka Bara Hindi. Alizikwa karibu na Menindee. Waliomfuata miaka ya baadaye waliitwa Waafghani wote, hata waliotoka Baluchistan au Punjab, na bila wao na ngamia wao nyika ile isingepata waya, uzio wala unga. Kule Marree, Australia Kusini, walijenga msikiti wa udongo, na reli ikaugawa mji: wazungu upande wao, Waafghani na wenyeji upande wa pili. Makaburini nako wakagawanywa. Lakini Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwetu pwani uso huelekea kaskazini; Marree huelekea magharibi. Anayezikwa hivyo hahitaji kuwa karibu na mtu yeyote, kwa sababu kaburi lake halipimwi kwa hatua kutoka kwao. Lina mwelekeo, na mwelekeo hauna mbali. Nadhani ndiyo maana watu wale waliweza kufia ugenini bila kuomba mifupa yao irudishwe, wakati leo tunachangishana kutoka Muscat hadi Minneapolis ili mmoja wetu alale Tanga au Kisumu. Siwalaumu wanaochanga. Nasema tu kwamba ziko namna zaidi ya moja za kuwa nyumbani.

Aliyepigana na umbali wa nyika kuliko wote alikuwa John Flynn, mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Hoja yake kubwa aliipata katika kifo cha mchunga ng'ombe Jimmy Darcy, aliyeanguka na farasi mwaka 1917 akapasuka kibofu. Darcy alifikishwa Halls Creek, ambako hapakuwa na daktari. Msimamizi wa posta akamlaza, akamfunga, akampasua kwa kisu cha mfukoni, huku daktari wa Perth akimwelekeza kwa telegrafu, mkato baada ya mkato. Operesheni ilifaulu. Daktari mwenyewe akapanda meli ya ng'ombe, kisha gari, akawasili kukuta mgonjwa amekufa jana yake, na malaria ikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1928 Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege kutoka Cloncurry, na tangu hapo makaburi ya kando ya njia yakapungua.

Flynn alifariki mwaka 1951. Majivu yake yakazikwa nje kidogo ya Alice Springs, na juu yake wakubwa wakaweka jiwe kubwa la mviringo lililochukuliwa Karlu Karlu, karibu kilomita 400 kaskazini. Karlu Karlu ni mahali patakatifu pa Warumungu na Kaytetye, na hawakuombwa ruhusa. Walidai jiwe lao kwa miaka mingi. Mwaka 1999 likarudishwa, na Waarrernte, wenye ardhi alikozikwa Flynn, wakatoa jiwe jingine kutoka nchini mwao liwekwe mahali pake. Ndilo lililo juu ya kaburi lake mpaka leo.